Kinanda cha Volti 100

Zamu yangu ya mchezo iliangukia Aprili. Tuko watu 10, kila mmoja hutoa shilingi 80,000 kwa mwezi, na kijumbe wetu hana mzaha na mchelewaji. Jumla laki nane. Mke wangu alikuwa ameshazipangia kazi zamani: friza ya mtumba, agandishe malai na barafu za ubuyu awauzie watoto wa skuli wanaopita barazani kwetu mchana. Yeye alikuwa na hesabu kamili, mpaka bei ya vijiti aliijua. Mimi sikuwa na hesabu yoyote. Nilikuwa na kinanda tu, nilichokiona kwenye ghala moja la vyombo vya Japani hapa mjini Unguja, kimeegemezwa ukutani baina ya mashine ya kufulia na rundo la baiskeli za watoto.

Kwenye maghala haya kontena hufunguliwa na ndani hutoka maisha ya nyumba za watu wengine: makabati, feni, vyombo vya udongo, gitaa lisilo na nyuzi. Muuzaji hupanga bei kwa ukubwa na uzito. Hiki kilikuwa kizito, kilo 14 hivi, mwili wa bati la kahawia iliyokolea na vitufe bapa vya kijani visivyobonyea.

"Laki saba, ami," kijana akasema. "Kinanda cha kazi."

Kilikuwa Yamaha DX7, sinthesaiza iliyotoka 1983. Mtu aliyesikiliza redio miaka ile, hata kama hajawahi kukiona, amekisikia: ile piano ya umeme yenye mlio wa kengele kwa mbali, inayoanza nyimbo za mapenzi za Kimarekani kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Nilijua nimesimama mbele ya nini. Kujua huko ndiko kulikonitia taabuni, maana laiti ningekiona ni kinanda kikuukuu tu, ningepita nikaenda zangu kuulizia friza.

Mimi ni mpiga kinanda wa harusi. Kinanda changu cha sasa kina spika zake, midundo yake na sauti mamia zilizokuja nacho kutoka kiwandani. Wenzangu wote mjini wanavyo vya namna hiyo hiyo. Ukikaa nje ya ukumbi huwezi kujua ni nani anapiga ndani. Fidla ni ile ile, akodiani ni ile ile, hata makofi ya midundo ni yale yale. Zamani nilikuwa napata harusi nne kwa mwezi. Sasa mbili, mwezi mwingine moja. Watu wamegundua kwamba kama sauti ni hiyo hiyo, DJ mwenye flashi anaweza kuileta kwa bei nafuu, na wala haombi chakula. Siwezi kuwalaumu. Lakini kinanda ndicho kinacholisha nyumba yangu, na nilikuwa nimeanza kujiuliza, nikiwa peke yangu, kama nina miaka mingapi mingine katika kazi hii.

Sasa, DX7 haina spika. Haina midundo. Haina mwangwi wala pambo lolote la sauti. Inatoa sauti kavu, kwa tundu moja. Na kwa mtu wa taarabu ina upungufu mwingine: funguo zake hazitoi robo sauti. Kanuni, udi na fidla huziingia robo sauti za maqamu bila shida. DX7II, iliyokuja miaka michache baadaye, ilikuwa inaruhusu kupanga upya sauti za funguo, lakini hiyo haikuwamo ghalani, na mtu hununua kilichopo. Nikajituliza kwa akodiani. Akodiani ya kawaida nayo haina robo sauti, na imekaa kwenye taarabu ya Unguja miaka yote hii bila kufukuzwa.

Kinachonivuta ni namna inavyotengeneza sauti. John Chowning, mtunzi wa muziki aliyekuwa Chuo Kikuu cha Stanford, aligundua njia hiyo mwaka 1967, na Yamaha wakapata haki ya kuitumia. Mimi huieleza hivi. Ukiimba ndani ya daladala kwenye barabara ya mashimo, sauti yako inatetemeka, na kila mtu anasikia mtetemeko. Sasa chukulia gari linatikisika mara mamia kwa sekunde. Sikio haliwezi tena kufuata mtetemeko. Linasikia sauti nyingine kabisa, yenye rangi mpya. DX7 ina mawimbi sita kwa kila sauti, na njia 32 za kuyapanga, lipi litikise lipi. Ukibadilisha kidogo tu nguvu ya mtikiso, filimbi inakuwa kengele, kengele inakuwa bati. Ndani ya mashine hakuna fidla iliyorekodiwa wala akodiani iliyorekodiwa. Kuna mawimbi yanayongoja uyapange.

Tatizo ni kwamba kuyapanga ni kazi ya mateso. Kijioo kimoja cha mistari miwili, kitelezi kimoja, na vitufe ambavyo kila kimoja kina kazi mbili au tatu. Wengi walionunua DX7 enzi zake walitumia sauti za kiwandani tu wakaacha hapo.

Kwa hiyo kabla ya kumgusa mtu yeyote kwa habari ya pesa, nilijaribu njia isiyo na gharama. Iko programu ya bure iitwayo Dexed, inayofanya kile kile kwenye kompyuta, na vidhibiti vyote unaviona kwa pamoja. Niliiweka kwenye laptopu kuukuu ya binti yangu nikakaa nayo wiki tatu, usiku, hedifoni masikioni. Nilitengeneza kengele moja yenye mkwaruzo mwanzoni, kama mtu anayegonga sinia la shaba kwa kucha. Nikatengeneza nyingine inayopumua kama akodiani yenye mvuke uliovuja. Hizo sijazisikia kwa mpiga harusi yeyote hapa mjini.

Ungeniambia: basi, kazi imekwisha, friza inunuliwe. Nami nilijiambia hivyo. Lakini laptopu ile ukiibonyeza ufunguo, sauti inakuja imechelewa kidogo, kiasi cha kumkosesha mwimbaji pumzi. Katikati ya wimbo inaweza kuganda. Na sherehe zetu ni za joto, jenereta na watu kupita na soda juu ya waya. Kumpandisha binti yangu wasiwasi wa laptopu yake ya masomo kila Jumamosi halikuwa jambo la kufanya.

Nilikuwa nikimfikiria pia Hailu Mergia, mpiga kinanda wa Ethiopia aliyehamia Marekani. Mwaka 1985 alirekodi peke yake nyimbo za kwao kwa akodiani, piano ya umeme, Moog na DX7. Baadaye aliendesha teksi Washington miaka mingi, na kinanda kidogo kwenye buti, akifanya mazoezi akisubiri abiria. Wanaomtaja hupenda habari ya teksi. Mimi nilikuwa nasikiliza vile DX7 yake ilivyokaa jirani na akodiani bila kuiga chochote.

Nilimwambia mke wangu siku ya Ijumaa, baada ya chakula cha mchana.

"Kina spika?" akauliza.

"Hakina."

"Kina midundo?"

"Hakina."

"Sasa Baba Rukia, ukienda nacho harusini watu watasikiliza nini?"

Nikamweleza kwamba kile cha zamani kitabaki chini kikitoa midundo, hiki kitakaa juu yake, vyote viingie kwenye amplifaya. Nikamvisha hedifoni nikampigia ile kengele ya sinia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akazivua akazikunja waya vizuri, kama anavyofanya akiwa anafikiri.

"Friza nilikuwa naitaka sana," akasema. "Lakini masika yameshaingia. Mvua hizi nani atanunua malai? Mimi zamu yangu ni Septemba. Nikinunua Septemba, joto likianza niko tayari." Nilipotaka kushukuru akainua mkono. "Hicho kinanda kisizidi laki tano. Na kikifika Septemba hakijaleta harusi, Baba Rukia, kinauzwa. Sitaki kukiona kimekaa uvunguni kama kitanda cha marehemu."

Nilirudi ghalani na fundi wa redio ninayemwamini. Kijana wa ghalani alikuwa ameshashika waya akitafuta tundu la ukutani atuonyeshe kwamba kinawaka. Fundi akamshika mkono. Nyuma kiliandikwa volti 100, umeme wa Japani. Wetu ni 230. Kingewaka mara moja tu. Tulikiwasha kwa transfoma ya fundi, nami nikapiga funguo zote 61, kwanza taratibu kisha kwa nguvu, moja moja. Hivi ndivyo unavyotakiwa kukikagua, na mtu asikuharakishe. Mmoja ulikuwa bubu. Miwili ilikuwa ikipiga kelele hata ukiigusa kwa unyoya. Fundi akasema ni vumbi kwenye migusano. Kitelezi cha sauti kilikwaruza. Kisha nikatafuta kwenye vitufe sehemu ya kupima betri ya ndani, ile inayohifadhi sauti 32 mashine ikiwa imezimwa. Kijioo kikaonyesha volti 1.9, wakati betri nzima ina 3. Majina ya sauti kadhaa yalikuwa yameshaharibika, herufi na alama zisizosomeka.

Kwa kijana wa ghalani hayo yote yalikuwa ushahidi wa ubovu. Kwangu yalikuwa kazi ya siku mbili, ila sikulisema hilo kwa sauti. Laki saba ikawa sita. Nikasema nne. Akasema ami unaniua. Tukasimama kwenye laki nne na themanini, na akanipa bure stendi ya chuma iliyopinda mguu.

Transfoma ilinisumbua kuliko kinanda. Darajani nyingi ni za kushusha hadi 110, kwa vitu vya Kimarekani, na fundi alipozipima moja ilitoa 118. Alikataa katakata. Tulizunguka maduka matano mpaka tukapata moja yenye tundu la 100, shilingi 45,000, iliyotolewa chini ya mpunga wa nyaya na duka lisiloijua bei yake.

Betri ilikuwa imelehemiwa kwenye bodi. Fundi aliing'oa, akaweka kikombe cha kushikia betri ili siku nyingine nibadilishe mwenyewe, akasafisha funguo kwa spiriti. Kilipowaka tena, nafasi zote 32 zilikuwa takataka. Ningeweza kupakia sauti za kiwandani kutoka kwenye laptopu kwa waya wa MIDI; zipo, ni suala la dakika moja. Nilituma ile kengele ya sinia kwenye nafasi ya kwanza na akodiani ya mvuke kwenye ya pili. Jina la sauti haliruhusiwi kuzidi herufi 10. SINIA ikatosha. Ya pili Rukia alitaka iitwe jina lake, tukabishana hapo kidogo, na harusi ya kwanza ni Jumamosi ijayo, Jang'ombe.