Chini ya Mwembe, Nyarugusu

Kwetu ni Nyarugusu, wilayani Kasulu. Kambi ilifunguliwa 1996. Sisi tuliovuka Ziwa Tanganyika tungali vijana, leo tuna mvi. Jioni, jua likipoa, tunakaa chini ya mwembe na simu moja yenye redio.

Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu, mama mmoja mwenye watoto kule alisikia habari, akanyamaza, siku tatu hali. Tukamwambia, "Dada, sema tu." Akasema halali, moyo unamwenda mbio. Kumbe wengi wetu ndivyo tulivyo! Si wazimu, wala si uzee.

Siku hizi kwanza tunazima simu, tunaulizana: umelala? Anayekosa usingizi tunamsindikiza zahanati. Njooni jamani, mkeka upo.