Safari ya mdogo wangu kwenda kisiwani

Miaka kumi na miwili sasa ninafundisha katekisimu. Kila mwaka, tukifika kwenye barua za Mtakatifu Paulo, ninawaeleza wanafunzi habari ya mshindani anayejinyima vitu vingi kwa ajili ya taji lenye kunyauka. Ninaieleza vizuri, maana nilijifunza katika seminari, nilikokaa miaka sita kabla ya kutoka na kuoa. Lakini lazima niseme kweli: sikuwa nimepata kumwona mshindani wa namna hiyo kwa macho yangu. Na siku nilipomwona, nilimkasirikia. Tena alikuwa mdogo wangu, wa tumbo moja na mimi.

Sikieni basi namna ilivyokuwa.

Sisi ni watu wa Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika. Mdogo wangu anakaa Ubelgiji, anafanya kazi ya usiku katika bohari, kupanga masanduku. Mwanzo wa mwaka 2024 aliniambia kwamba amepata nafasi ya kwenda Hawaii, visiwa vya Marekani katikati ya bahari ya Pasifiki, kwa mashindano yanayoitwa triatloni. Maana yake ni michezo mitatu kwa siku moja: kuogelea baharini kilometa 3.8, kupanda baiskeli kilometa 180, kisha kukimbia kilometa 42 na zaidi kidogo. Mtu ana masaa 17 tu. Akichelewa, hahesabiwi.

Nilicheka. Nikamwuliza: "Na wanakulipa feza ngapi?"

Akajibu: "Yaya, hawanilipi. Mimi ndiye ninayewalipa."

Kumbe kuandikishwa peke yake kulipita dola 1000. Ongeza ndege, ongeza malazi, ongeza baiskeli yenyewe. Nikanyamaza, lakini moyoni sikunyamaza.

Mwezi wa nne wa mwaka ule ziwa lilipanda kupita desturi yake. Maji yaliingia katika nyumba nyingi za kando, na nyumba ya Mama ilikuwa mojawapo. Yalisimama ndani mpaka magotini. Ukuta wa nyuma, wa matofali mabichi, ukalainika, ukaanguka. Mama akahamia kwangu pamoja na kuku wake watatu na sanamu ya Bikira Maria, ambayo hakukubali mtu mwingine aibebe. Usiku ule nilimwandikia mdogo wangu maneno makali. Nilimwambia: "Mama analala kwenye mkeka, na wewe unanunua mateso kwa dola."

Siku nne hakujibu. Siku ya tano akaandika: "Yaya, ninakuja mwishoni mwa mwezi wa nane. Tutajenga ukuta. Na hapohapo nitajitayarisha kwa joto."

Nikafikiri: hata katika kumsaidia Mama, bado anatafuta faida yake.

Alifika. Mama alipomwona alilia, akauliza kama Ubelgiji watu hawapiki. Maana alikuwa mwembamba, hana nyama mashavuni, ila miguu yake ilikuwa kama kamba zilizosokotwa. Mabegi yalikuwa mawili. Moja lilijaa zawadi. Katika lingine mlikuwa viatu vya mbio, miwani ya kuogelea na vipakiti vya chumvi.

Je, kwa nini alitaka joto letu? Alinieleza hivi. Mashindano yale hufanyika mwezi wa kumi, katika mji wa Kailua-Kona. Ubelgiji wakati ule baridi imeanza, na mwili uliozoea baridi hauwezi kutupwa ghafula katika joto la kisiwa. Lakini mtu akifanya kazi katika joto kila siku, kwa siku kumi mpaka kumi na nne, mwili unajifunza. Damu inaongezeka maji, jasho linaanza mapema, tena halipotezi chumvi nyingi kama kwanza. Somo hilo halikai muda mrefu. Ukirudi kwenye baridi, mwili unasahau. Kwa hiyo alipanga kukaa kwetu wiki tatu, kurudi Ubelgiji kuifanyia kazi baiskeli yake, na kufika kisiwani siku kumi mbele ya mashindano ili kuukumbusha mwili.

Basi tukaanza. Saa kumi na nusu ya alfajiri tulishuka ziwani. Mvuvi mmoja, rafiki wa marehemu baba, alituchagulia mahali mbali na mdomo wa mto Lukuga, kwa sababu ya mamba. Mdogo wangu aliogelea, na sisi wawili tulimfuata kwa mtumbwi. Upepo wa kusini wa kiangazi ulivuma, mawimbi yalimpiga usoni, naye akafurahi. Alisema maji ya Kona ni ya vuguvugu kama yetu, hata nguo ya mpira ya kuogelea hairuhusiwi, lakini bahari hailali. Mvuvi alimtazama sana, kisha akaniuliza: "Mwalimu, mdogo wako anamkimbia nani?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Kutoka ziwani tulikwenda kwenye nyumba ya Mama. Tulipasua mawe, tukainua msingi kuliko ule wa kwanza, tukapanga matofali ya kuchoma. Kazi hiyo hakuikwepa hata siku moja. Halafu saa sita mchana, wakati hata mbwa wanatafuta kivuli, alivaa viatu vyake, akakimbia barabarani. Watoto walimfuata wakipiga kelele. Wakubwa walisema ugonjwa wa Ulaya umemwingia.

Siku ya kwanza alirudi amejikokota, akatapika nyuma ya jiko. Nitaungama mbele yenu: nilifurahi kidogo. Alijipima kwenye mizani ya jirani, ile ya kupimia ndakala. Alikuwa amepungua kilo mbili katika saa moja na nusu. "Yaya," akasema, "kilo moja ni kama litre moja ya maji. Lakini nikinywa maji matupu mengi mno, chumvi ya damu inazimuliwa, naweza kuanguka hata kufa. Ni lazima nijue kipimo changu." Akaandika katika kadaftari. Kila siku alipima, kila siku aliandika. Siku ya kumi na mbili alikimbia saa mbili, akarudi anacheka, akaomba bukari na sombe.

Jioni tulikaa nje, naye alitusimulia habari za kisiwa. Mashindano hayo yalianza mwaka 1978 katika kisiwa cha Oahu. Watu walikuwa wakibishana nani ana mwili wenye nguvu kuliko wote, mwogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji. Askari mmoja wa majini, John Collins, pamoja na mkewe Judy, wakaunganisha njia tatu kuwa moja. Watu 15 walianza, 12 walimaliza. Wa kwanza, Gordon Haller, alitumia masaa 11 na dakika 46. Mwaka 1981 mashindano yalihamia kisiwa kikubwa kiitwacho Hawaii. Njia ya baiskeli inapita kati ya mawe meusi yaliyotapikwa na milima ya moto, kama yale ya Goma chini ya Nyiragongo. Kivuli ni haba sana, na upepo wa ubavuni unaweza kumwangusha mtu. Wanakwenda mpaka kijiji cha Hawi, katika wilaya ya Kohala, ndipo wanageuka.

Niliposikia Kohala nikashtuka. Jina hilo nilikuwa nimelisoma katika seminari. Padri Damian, Mbelgiji, kabla ya kwenda kwa wakoma wa Molokai mwaka 1873, alitumwa Kohala mwaka 1865, akaitunza misioni ile kubwa miaka mingi. Nikamwambia mdogo wangu: "Mahali utakapogeuza baiskeli yako, mtakatifu alipita pale kutafuta wakristu wake." Hakujua. Akaandika jambo hilo pia katika kadaftari.

Mama akauliza kama wanawake nao wanashindana. Mdogo wangu akamweleza habari za sista mmoja wa Marekani, Madonna Buder, aliyezaliwa mwaka 1930. Alianza kukimbia akiwa karibu na miaka 50. Mwaka 2012, akiwa na miaka 82, alimaliza mashindano ya urefu uleule huko Canada. Mama akafikiri kidogo, akasema: "Huyo hakuwa na wajukuu."

Tukacheka sote. Lakini Mama alipokwenda kulala, nilimwuliza mdogo wangu neno lililonikaa kooni. Nikasema: "Feza zile zingeweka mabati mapya juu ya nyumba hii. Nieleze, nisikie."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Yaya, unakumbuka mwaka ule Mama hakupata feza kutoka kwangu miezi mitatu?"

Nilikumbuka. Mimi mwenyewe nilimwambia Mama kwamba benki imepata shida.

"Haikuwa benki. Nilizinywa."

Akanieleza habari za majira ya baridi ya kule. Unatoka kazini alfajiri, unaingia katika chumba kisicho na sauti ya mtu, jua halionekani. Alianza na chupa moja ili apate usingizi. Halafu chupa hazikuhesabika. Mwenzake wa kazi, mtu wa makamo, alimkuta siku moja amekaa chini kati ya masanduku, hawezi kusimama. Hakumshitaki kwa mkubwa. Alimwambia tu: "Siku ya Mungu njoo tukimbie." Wakaanza kwa dakika kumi. Baadaye wakaongeza baiskeli, baadaye maji.

"Watu wanaona siku moja ya kisiwani," akasema. "Lakini mimi, kilichoniokoa ni siku nyingine zote. Anayetaka kuogelea alfajiri hawezi kunywa usiku. Nikifuta safari, sijui kama nitaendelea kuamka. Ninajua nyumba ya Mama inanidai. Yaya, jibu kamili sina."

Usiku ule sikulala. Niliwasha taa, nikatoa daftari ninamoandika feza za Mama: tarehe, kiasi, na kazi iliyofanywa. Nilifungua ukurasa baada ya ukurasa. Baada ya ile miezi mitatu mitupu, kwa muda wa miaka mitano, hakukosekana mwezi hata mmoja. Mwandiko ulikuwa wangu. Ni mimi niliyeandika yote kwa mkono wangu, wala sikuwa nimeyasoma.

Sisemi kwamba nilikuwa na kosa katika kila neno. Dola ni dola, na mvua haingoji mtu amalize mashindano. Hata sasa, mtu akiniuliza kama ilifaa atumie feza nyingi namna ile, ninashindwa kujibu upesi. Lakini nilikuwa nimetazama bei ya safari, wala sikutazama bei ya matayarisho. Hiyo ya pili alikuwa ameilipa peke yake, gizani, na sisi nyumbani tulikula matunda yake kila mwezi.

Ukuta ulikwisha siku mbili kabla ya kuondoka kwake. Juu tulirudisha mabati ya zamani, na penye kupungua tuliweka turubai. Akaahidi kuleta mabati mapya kwa Noeli.

Asubuhi ya kuagana Mama alimwuliza: "Na ukifika mwisho, wanakupa nini?"

"Medali, Mama, na taji la maua shingoni."

"Maua yatanyauka ndani ya ndege."

"Ndiyo, Mama."

"Basi, hayo maua si kitu. Wewe mwenyewe urudi mzima."

Mashindano yalikuwa siku ya posho, tarehe 26 ya mwezi wa kumi, 2024. Kati ya kisiwa kile na Kalemie kuna tofauti ya masaa kumi na mawili kamili. Saa zetu zinasema namna moja, ila kwao ni mchana na kwetu ni usiku. Yeye aliingia majini saa moja ya asubuhi, na sisi tulikuwa tunawasha taa saa moja ya jioni. Mama hakukubali kulala. Alikaa kwenye kiti, rozari mkononi, akiniuliza kila mara: "Sasa yuko wapi?" Nami nilihesabu: sasa yumo baharini, sasa yuko kwenye baiskeli, sasa labda anageuka Hawi. Kulipopambazuka kwetu, giza lilikuwa linaingia kwao, naye alikuwa bado anakimbia kati ya mawe meusi.

Nilikwenda kanisani kuongoza nyimbo. Nilizima simu. Misa ilipokwisha nikaiwasha uani, Mama amesimama kando yangu. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Yaya, masaa 14 na dakika 20. Nimemaliza. Upepo wa Hawi ni mdogo wake upepo wa ziwa letu. Padri Damian nilimsalimu."

Mama akaniomba nisome mara ya pili, kisha akaenda nyumbani kuwapa kuku chakula.

Mabati yalifika mwezi wa kwanza, si Noeli kama alivyoahidi. Sikumwandikia neno. Nilipanda juu na misumari, nikayapiga, na jioni nikaandika katika daftari: mabati 18, yamefika.