Askari wa Samora na Wapagazi wa Mvumi

Safari ya Dar es Salaam ilianzia Kimamba, stesheni ya Reli ya Kati, ambako usiku harufu ya mkonge uliopita kwenye mashine ya korona ilikuwa haitoki puani. Sisi watu wa kijiji cha Mvumi tulifika mapema, tukatandika khanga sakafuni tukasubiri. Babu alibeba kikapu cha ukindu chenye mihogo ya kuchemsha, kanzu yake ya pili na tasbihi. Treni ilipokuja tulibanana daraja la tatu, kati ya magunia ya mkaa na matenga ya kuku, na pale Morogoro machungwa yakapitishwa madirishani, yamemenywa tayari, yananukia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Asubuhi tukashuka mjini, tukatembea taratibu kwa ajili ya magoti ya Babu. Wauza kahawa walikuwa wanagonganisha vikombe, upepo wa bandarini ukileta chumvi na harufu ya samaki wa kukaanga. Basi la UDA, Ikarus lile la kumbakumba, likazunguka kipilefti huku likijikunja katikati, nikashangaa halikatiki.

Na hapo katikati, Barabara ya Samora inapokutana na Azikiwe, alikuwa amesimama askari. Wazee wa mjini walipaita Bismini, kwa kuwa zamani palikuwa na sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann, iliyoondolewa na Waingereza baada ya kuuteka mji. Huyu askari wa shaba alizinduliwa mwaka 1927, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson. Bunduki ameishika kwa mikono miwili, singe mbele kuelekea bandarini, mwili umeinama kidogo kama wa mtu aliyesikia kitu vichakani. Nilimtazama miguu. Imezungushiwa vitambaa mpaka karibu na magoti, na kila mkunjo wa kitambaa umechongwa, hata pale unapolalia mwenzake. Kunguru alitua kichwani kwake, akanyoosha mbawa, akaondoka.

Babu hakumtazama askari sana. Aliinamia maandishi ya kwenye jiwe. Yapo kwa Kiingereza, yapo kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi, na yapo kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Babu alikuwa amesoma chuo cha Kurani tu. Herufi hizi zetu za shuleni zilimpita. Kwa hiyo kila mmoja wetu akashika upande wake. Yeye alifuatisha kwa kidole kutoka kulia, mimi kutoka kushoto, tukisoma kwa sauti, na tulipofika panapotajwa wapagazi tukajikuta tunataja jambo lile lile. Akasimamisha kidole.

"Soma tena hapo, mjukuu wangu."

Nikasoma tena. Baba yake Babu alichukuliwa Mvumi mwaka 1916, wakati Wajerumani wanarudi nyuma kupita Kilosa na Waingereza wako nyuma yao. Babu alikuwa angali anabebwa mgongoni. Nani alimchukua, jeshi lipi, hakuna aliyejua. Walikuja watu wakataka vichwa vya kubebea mizigo. Wapagazi waliokufa katika vita ile, Vita Kuu ya Kwanza, ni makumi ya maelfu, wengi kwa njaa, kuhara na homa, na wala si kwa risasi. Kwa macho yangu, hao ndio wenye jiwe lile, ingawa juu amesimama mwenye bunduki.

Tuliporudi Mvumi, wazee walikusanyika chini ya mwembe wakitaka habari za mji. Babu akawaeleza jiwe. Bibi mmoja akauliza, "Na majina wameandika?" Babu akasema hapana. Basi akaniambia nilete daftari na penseli.

Walianza kutaja. Mmoja alitaja mjomba wake, mwingine akamsahihisha: huyo alirudi, akafia nyumbani kwa ndui; aliyepotea ni mdogo wake. Wakabishana kuhusu ndugu wawili wa ng'ambo ya mto. Wengine walibaki na jina la utani tu, na mmoja alikumbukwa kwa kuwa alipiga zeze vizuri na alidaiwa mbuzi. Nikauliza huyo nimwandikeje. "Mwandike hivyo hivyo," Babu akasema, "na mbuzi wake."