Nusu Milimita

Konea, ule utando angavu ulio mbele ya jicho, ina unene wa kama nusu milimita tu katikati. Sikuwa na sababu ya kujua hilo hadi mdogo wangu, mwenye miaka 17, alipoanza kubadilisha miwani kila baada ya miezi michache. Shuleni walisema ni uvivu. Mathe alisema ni simu. Yeye alikuwa akifikicha macho tu, mchana na usiku, kwa sababu ya mzio.

Daktari wa macho akamkalisha mbele ya mashine inayoitwa OCT. Weka kidevu hapa, tazama mbele, usipepese. Sekunde chache, imeisha. Jicho halikuguswa na kitu.

Inafanya kazi karibu kama ultrasaundi, ila kwa mwanga. Ultrasaundi hutuma sauti na kupima muda ambao mwangwi unachukua kurudi. Lakini mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Utaupimia saa gani? Kwa hivyo mashine huugawa: sehemu moja inaingia jichoni, nyingine inaenda kwenye kioo ambacho umbali wake unajulikana. Zikikutana tena, mawimbi yake huongezana au kufutana, na kutokana na hapo kompyuta hujua kila tabaka liko kina gani. Rudia hivyo maelfu ya mara kutoka upande huu hadi ule, unapata picha ya jicho kana kwamba limekatwa kwa wembe.

Kwenye skrini, konea yake ya kulia ilikuwa imebenuka kama koni. Pale palipo pembamba zaidi, mikroni 462. Keratokonasi, daktari akasema.

Kuna tiba: wanatia matone ya riboflavini, yaani vitamini B2, kisha wanamulika mwanga wa urujuanimno ili nyuzi za konea zishikane. Haikurudishii macho ya zamani. Inazuia yasiharibike zaidi. Ila kwa njia ya kawaida, ngozi ya juu, mikroni 50 hivi, hutolewa kwanza, na zinazobaki zisipungue 400.

Piga hesabu. Anabaki na mikroni 12 za kuchezea.

Mathe aliuliza kama tungengoja amalize mtihani. Daktari hakubishana, alimgeuzia skrini. Mathe aliitazama ile picha kimya, akauliza bei, akameza mate, kisha akauliza, “Ya karibu kabisa ni siku gani?”