Nusu ya Tisa: Siku ya Kwanza ya Mwanafunzi Ugenini

Aghalabu umilisi wa lugha ya kigeni hupimwa darasani, kwa mtihani wa sarufi na msamiati. Kipimo chake cha kweli, hata hivyo, huanza siku ile mwanafunzi anapojikuta peke yake miongoni mwa wenye lugha, naye ana haja isiyoweza kungoja. Mfano ufuatao ni wa binti mmoja wa Tanga aliyekwenda Ujerumani kusomea shahada ya uzamili, katika mji mdogo wa jimbo la Bavaria.

Alifika Jumapili jioni, mwezi wa Oktoba. Kwa kuwa nchini humo maduka mengi hufungwa Jumapili kwa mujibu wa sheria, alilala na njaa katika nyumba ya wageni aliyoilipia usiku mmoja tu. Msimamizi wa bweni alikuwa amemwambia kwa simu aje kuchukua ufunguo Jumatatu, ‘halb neun’, yaani, neno kwa neno, ‘nusu tisa’. Binti alijifunza Kijerumani kwa kupitia Kiingereza, na Mwingereza asemapo ‘nusu tisa’ humaanisha saa tisa yake na nusu, ambayo kwa Kiswahili ni saa tatu na nusu asubuhi. Alifika wakati huo na mizigo yake, akakuta mlango umefungwa.

Jambo hilo halikuwa dogo. Bila ufunguo hana chumba. Bila chumba hana anwani. Na sheria humtaka kila anayehamia makazi mapya ajiandikishe katika ofisi ya mji ndani ya majuma mawili. Waswahili humwachia mgeni siku mbili kabla ya kumpa jembe. Huku jembe lilikuwa likimngoja mlangoni.

Mfagizi mmoja, mama mzee, aliteremka ngazi akamwambia, ‘Grüß Gott’. Binti hakuitambua salamu hiyo, kwani darasani alifundishwa ‘Guten Tag’. Alitafuta neno la kumwamkia mtu wa umri wa bibi yake, asilipate. Shikamoo hudai marahaba, na kwa jozi hiyo mdogo na mkubwa hujulikana. Salamu ya Bavaria hurudishwa kwa maneno yale yale, bila kujali umri. Heshima ya Kijerumani imo zaidi katika kiwakilishi ‘Sie’, ambacho watu wazima wasiojuana hutumiana pande zote mbili. Binti aliinama kidogo, akayarudia maneno aliyoyasikia. Mama yule akatabasamu, akaketi naye.

Alipoelezwa shida, mama alichora uso wa saa katika karatasi, akatia kivuli nusu ya nafasi iliyo kati ya nane na tisa. Hapo ndipo maana ilipodhihirika. Kwa Mjerumani, nusu ya saa ya tisa ndiyo iliyokwisha kupita, hivyo ‘halb neun’ ni saa mbili na nusu ya Kiswahili. Mtazamo huo si mgeni kabisa. Mswahili naye, asemapo ‘saa tatu kasorobo’, huielekea saa ambayo haijafika. Binti hakupungukiwa na uwezo wa kuelewa. Alivushwa kwa daraja la Kiingereza mahali ambapo Kiswahili kingalimfikisha salama.

Msimamizi alirejea saa sita mchana, na ufunguo ukapatikana.

Wazungumzaji wa Kiswahili si wapya Ujerumani. Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1887, iliajiri walimu kutoka pwani ya Afrika Mashariki, miongoni mwao Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyefundisha huko kuanzia mwaka 1900. Hata hivyo, wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wangali wakijifunza lugha za Ulaya kwa kupitia lugha nyingine ya Ulaya. Yafaa walimu watunge mazoezi yanayolinganisha moja kwa moja lugha lengwa na Kiswahili, hususan katika saa, salamu na viwakilishi vya heshima. Hayo ndiyo mambo ambayo mgeni huyahitaji kabla jua la siku ya kwanza halijatua.