Taa Kuzimika Si Gari Kupona



Juma hili napenda tutafakari jambo linalowagusa wengi wanaoendesha magari: taa za tahadhari za breki na za uthabiti wa gari, ambazo huwaka, zikazimika, zikasahauliwa.

Gari ninalotumia lilianza hivyo wakati wa masika. Taa mbili za njano ziliwaka nilipokata kona, zikatoweka nilipozima injini na kuiwasha upya. Fundi wa kwanza akaniambia, “Padri, nikuchomolee balbu upate amani.” Nilimshukuru, nikakataa. Gari hilo hubeba wagonjwa usiku na huteremka Kitonga likiwa na abiria. Amani ya kumziba shahidi mdomo haitufai.

Tuelewe kwanza taa hizo zasema nini. Mfumo wa ABS, ulioanza kuuzwa katika magari ya Mercedes-Benz mwaka 1978, huzuia magurudumu yasigande dereva akanyagapo breki kwa nguvu, ili usukani uendelee kutii. Mfumo wa uthabiti, uliofuata mwaka 1995, hufunga breki ya gurudumu mojamoja gari linapoanza kuteleza. Yote miwili hutegemea vihisi vinavyopima mwendo wa kila gurudumu. Kihisi kimoja kikitoa habari zisizoeleweka, kompyuta ya gari huisimamisha mifumo yote miwili; ndiyo maana taa huwaka pamoja. Zikiwa za njano tu, breki za kawaida kwa kawaida zingalipo, ila msaada haupo. Taa nyekundu ikiwaka ilhali breki ya mkono imeachiwa, tusimame mahali salama na kuangalia mafuta ya breki.

Ugumu wa hitilafu ya kuja na kuondoka ni kwamba hujificha mbele ya fundi. Basi niliweka daftari garini, nikaandika kila mara: mvua au jua, kona ipi, barabara ya namna gani. Baada ya majuma mawili ukurasa ulisema wazi: maji, na kona ya kulia.

Fundi wa pili aliisoma kumbukumbu ya kompyuta kabla ya kufuta lolote. Kisha tukaendesha polepole huku akitazama kwenye mashine mwendo wa magurudumu manne. Matatu yalikubaliana, la mbele kushoto lilishuka ghafla hadi sifuri. Hakuniagiza kununua kihisi kipya. Aliufuata waya wake kwa vidole, akaukuta umechubuka karibu na gurudumu, nyuzi za shaba zimeota kutu ya kijani. Kona ya kulia iliuvuta, maji yakamaliza kazi. Angeukuta mzima, angeendelea na kihisi chenyewe, pete yake, beringi ya gurudumu, na nguvu ya betri.

Kilichobadilishwa ni kipande cha waya. Wapendwa, taa ikizimika yenyewe, tusiseme imepona. Tuandike ilipowaka, tumpelekee fundi mwenye subira.

Nawatakieni juma jema na safari salama.