Mama Aliyembeba Mwanawe

Mke wangu alitimiza miaka 40 tukiwa Ujerumani, wageni wa usharika rafiki. Wenyeji wakatupeleka kwa boti kwenye mto Elbe, kutoka Pirna hadi Dresden, kuona maonyesho ya picha.

Mbele ya Mariamu aliyechorwa na Raphael, mke wangu alisimama muda mrefu. Mariamu anatembea juu ya mawingu, amembeba Mtoto Yesu, wala hamfichi, anamleta kwetu.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumemzika kifungua mimba wetu. Mke wangu akanong'ona, "Baba, huyu naye alimzika wake."

Wapendwa, katika msiba wa mtoto, tuwaache wazazi walie. Mwana wa Mungu naye alilazwa kaburini, na siku ya tatu alifufuka. Hapo ndipo tumaini letu lilipo.